Ukihamia Makindye, anza kwa mwenyekiti

Wafanyabiashara wetu wanaovuka Mutukula na Busia wanaijua Kampala ya mchana: Kikuubo, kituo cha mabasi, nyumba ya wageni, kisha safari ya kurudi. Anayekwenda kukaa mwaka mzima ana mahitaji mengine kabisa, na wengi hawalitambui hilo hadi fedha zimeshapotea.

Chukua Makindye, moja ya divisheni tano za jiji hilo. Wakongo wamejaa Katwe na Nsambya, Waeritrea na Waethiopia wako Kabalagala, na wanafunzi wa Kenya na Tanzania wako Kansanga, kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala. Mgeni hakosi mtu wa kwao. Tatizo linaanzia hapo hapo. Mtu wa kwao anamtafutia chumba, anaandikisha mkataba kwa jina lake, anampa na laini ya simu aliyoisajili mwenyewe. Siku wakigombana, mgeni hana nyumba, na akiba yake yote iko kwenye namba ya mwenzake.

Ndugu msomaji, mtu wa kwanza wa kumwona ni mwenyekiti wa LC1. Kila kijiji kina wake (ndiyo, hata katikati ya jiji wanasema kijiji), kama sisi tulivyo na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mfumo huo ulienea baada ya Museveni kushika madaraka mwaka 1986. Mwaka 2018 wananchi waliwachagua kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, baada ya miaka 17 bila uchaguzi huo. Huyu ndiye anayeandika barua ya utambulisho. Muhuri wa mpakani unasema umeingia nchini. Barua yake inasema unajulikana unakolala. Haichukui nafasi ya kibali, tuelewane. Chini ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, raia wa nchi wanachama hupewa hadi miezi sita ya kukaa, lakini anayetaka kuajiriwa anapaswa kuomba kibali cha kazi.

Kuhusu nyumba, chumba kimoja cha kupanga wenyewe hukiita muzigo. Usicheke. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa mbele, na dalali naye anataka chake. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Ni sheria nzuri, ila mpangaji asiye na mkataba wala risiti ataonyesha nini huko mahakamani?

Halafu kuna suala la lugha. Waliorudi hulalamika kwamba Waganda wanajivuna, ukiwasemesha Kiswahili wanakaa kimya. Mimi siwalaumu. Kwa wazee wengi wa Kampala hiyo ilikuwa lugha ya askari wa Idi Amin, na hapo hapo Makindye palikuwa na gereza la polisi wa jeshi ambako watu waliuawa. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini uamuzi wa baraza haumfutii mtu kumbukumbu za baba yake. Anza na "Oli otya, ssebo", au "nnyabo" kwa mama muuza ndizi, malizia na "webale". Mara nyingi Kiswahili atakitoa mwenye duka mwenyewe, na bei nayo italegea kidogo.

Wanaorejea kutoka huko huwapa wadogo zao namba ya dalali na jina la basi zuri. Wangewapa pia jina la mwenyekiti wa kijiji walichokaa, kama wanalikumbuka.