Mkataba Umesainiwa. Haya, Nani Anaufikisha Kwenye Slipu?

Kila Mei Mosi tunaona mambo yaleyale. Viongozi wa wafanyakazi na waajiri wanapeana mikono, picha zinapigwa, tunaambiwa mkataba mpya wa hali bora umesainiwa. Makofi. Mwaka unaofuata ukimuuliza mfanyakazi wa kawaida mkataba ule umemletea nini, anakutazama tu. Na sisi vijana wa upinzani, tuseme ukweli, kelele zetu nyingi huishia hapohapo: mwajiri asaini! Akishasaini tunahamia kwenye hoja nyingine.

Mimi naona kazi inaanza siku ya pili yake. Nitawaonyesha kwa mfano wa watu wa posta wa Marekani. Msiniambie ni mbali. Kazi yenyewe mnaijua: mtu, mkoba, barua na vifurushi, jua lake na mvua yake.

Wapeleka barua wa mijini kule wana chama chao, NALC, chenye wanachama takriban 200,000 walioko kazini. Mkataba wao wa zamani uliisha Mei 2023. Mazungumzo yakaburuzwa hadi Oktoba 2024, ndipo viongozi wakatoka na makubaliano: nyongeza ya asilimia 1.3 kwa kila mwaka, kwa miaka mitatu. Wakayapeleka kwa wanachama wapige kura. Wanachama wakayatupa nje, kura 63,680 za hapana dhidi ya 26,304 za ndiyo. Hebu zisome tena hizo namba, halafu jiulize ni lini mara ya mwisho mfanyakazi wa hapa kwetu aliulizwa kwa kura kama anautaka mkataba uliosainiwa kwa jina lake.

Kugoma hawaruhusiwi. Machi 1970 waligoma kinyume cha sheria, kuanzia New York, wakafika kama 200,000, mpaka Rais Nixon akaleta wanajeshi wachambue barua. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria mpya ya posta: haki ya kujadiliana mishahara wakapewa, ya kugoma wakanyimwa, na wakishindwa kuelewana na mwajiri jambo linakwenda kwa mwamuzi. Ndivyo ilivyokuwa safari hii. Machi 2025 mwamuzi Dennis Nolan akatoa uamuzi: asilimia 1.3, kisha 1.4, kisha 1.5, pamoja na marekebisho ya kufidia kupanda kwa gharama za maisha. Kiduchu, kwa maoni yangu. Lakini uamuzi ni uamuzi, unawafunga wote wawili.

Sasa angalia tarehe. Uamuzi umetoka Machi 2025, nyongeza ya kwanza inahesabiwa tangu Novemba 2023, na mkataba wenyewe unaisha Novemba 2026. Yaani siku unazaliwa, sehemu kubwa ya umri wake imeshakwenda. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya utekelezaji ni malimbikizo. Na malimbikizo si kuzidisha mara moja kwa watu wote. Kuna aliyefanya saa za ziada, kuna aliyepanda daraja, kuna aliyestaafu katikati. Kila mmoja ana hesabu yake, na kila hesabu inaweza kukosewa. Nani atagundua imekosewa kama mfanyakazi hajui alitakiwa kulipwa nini?

Tena pesa ndiyo sehemu nyepesi, maana inaonekana kwenye slipu. Ugumu uko kwenye mambo ya kila siku. Mkataba wao una kikomo cha kazi, saa 12 kwa siku na saa 60 kwa wiki. Vizuri. Lakini saa ya 13, vifurushi bado vimejaa kwenye gari na msimamizi anasema malizia, kile kifungu kinamsaidia nini mtu aliye barabarani?

Hapa ndipo nilipowavulia kofia. Mwanachama au chama chake ana siku 14, tangu jambo litokee au lijulikane, kulifikisha kwa msimamizi wa karibu. Likishindikana, chama kina siku 7 kulipandisha ngazi ya pili. Likigoma hapo linakwenda kwa timu ya watu wawili, mmoja wa chama na mmoja wa mwajiri, kabla halijafika kwa mwamuzi. Na mwakilishi wa wafanyakazi anayefuatilia shauri anafanya hivyo ndani ya saa za kazi, kwa malipo. Si jioni, si kwa nauli yake.

Halafu kuna kitabu. Chama na mwajiri wamekaa pamoja wakaandika maelezo ya mkataba, kifungu kwa kifungu: hiki kinamaanisha hivi, na hapa tumekubaliana hivi. Msimamizi wa posta ya mtaani hawezi kuja na tafsiri yake ya kichwani, kwa sababu tafsiri ipo, na upande wake umeshiriki kuiandika. Nikisoma haya nilijiuliza, mbona sisi hatuna?

Maana tusisingizie kwamba sheria haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 71, inasema mkataba wa pamoja unafunga tangu sahihi ya mwisho, isipokuwa wenyewe useme vingine. Kifungu cha 74 kinataja kabisa mgogoro wa matumizi, tafsiri au utekelezaji wa mkataba: unakwenda CMA kwa usuluhishi, ukishindikana unakwenda Mahakama ya Kazi. Darasani tunavisoma kwa dakika kumi tunasonga mbele. Ila CMA ni ngazi ya nje. Kati ya meza ya msimamizi na mlango wa CMA panategemea mkataba wenyewe ulivyoandikwa, na ulivyoandikwa watu hawajui.

Shangazi yangu amefanya kazi miaka 12 kwenye shirika moja, silitaji. Nilimuuliza mkataba wao wa hali bora uko wapi. Akanijibu, "Upo kwa katibu wa tawi, mwanangu, umefungiwa kabatini." Ameuona? Hajawahi. Ada ya chama lakini inakatwa kila mwezi bila kukosa.

Kwa hiyo hoja yangu kwa chama chetu ni hii. Tukikaa kuandika ilani, tusiandike tu kwamba tutaboresha maslahi ya wafanyakazi, maneno hayo hata wenzetu wa upande ule wanayo. Tuandike kwamba kila mkataba utapigiwa kura na wanachama kabla ya kusainiwa, kwamba kila mfanyakazi atapewa nakala kwa Kiswahili, na kwamba mwakilishi wake atalipwa muda anaotumia kuusimamia. Haya yanapimika. Tukishindwa mtatushika.

Na wewe unayesoma hii ukiwa kazini, iwe posta, bandarini au kiwandani, kesho nenda kwa katibu wa tawi uombe nakala. Akikuzungusha, mwambie kifungu hichohicho cha 71 kinataka nakala iwe imewasilishwa kwa Kamishna wa Kazi, kwa hiyo siri haiwezi kuwa. Ukiipata, anza na ukurasa wa malalamiko. Tafuta una siku ngapi.