Tusiwaachishe Wagonjwa Dawa



Katika vyumba vya maombi vya mji wetu wa Goma husikika kwamba mgonjwa wa kansa ya damu anayekubali dawa amepungukiwa imani. Wengine husema hospitali hutujaribia dawa kama wanyama. Maneno haya mawili huua, nasi tunapaswa kuyajibu.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe unaojaza mataya ya watoto. Ni kansa ya chembe nyeupe za damu, tena yenye kasi kubwa mno. Dawa moja iliweza kuuyeyusha uvimbe kwa siku chache. Lakini kwa watoto wengi ugonjwa ulirudi, kwa kuwa chembe zilizoistahimili dawa hubaki na kuongezeka. Ndipo zikaunganishwa dawa zinazoshambulia kwa njia mbalimbali, kama tufanyavyo kwa kifua kikuu. Mojawapo ni vinkristini, itokanayo na ua la Madagaska. Yoshua bin Sira alikwisha kutufundisha kwamba Bwana huumba dawa kutoka ardhini, na mwenye busara haidharau.

Wakati wa Idi Amin, madaktari wa kigeni walipoondoka, Charles Olweny na wenzake wa Uganda waliendelea na kazi. Mwaka 1976 walitangaza matokeo ya jaribio lililolinganisha dawa moja na mseto. Kwa hiyo jaribio lenyewe si dharau. Dharau ni kumficha mgonjwa ukweli, au kumnyima haki ya kukataa. Na dawa isipojaribiwa kwetu, tutajuaje kama inawafaa watoto wetu?

Lakini mseto ukikatizwa hupoteza nguvu. Uvimbe unapopungua, familia hudhani mtoto amepona, nayo hurudi nyumbani mapema. Tunajua pia kwamba matibabu ni ghali na barabara za Kivu si salama. Mzigo huu haubebwi na mama peke yake. Mkimwona mtoto ambaye taya au tumbo lake linavimba upesi, mhimizeni mzazi ampeleke hospitali juma hilohilo. Changeni nauli, toeni damu, mshinde naye kwa zamu hadi dawa ya mwisho. Salini kando ya kitanda chake, wala asiwepo kati yenu atakayemwambia aache dawa.