Cheti cha Jeshi na Jina la Nyumba

Mfanyakazi anayeachishwa kazi kiwandani huondoka na barua, akaenda kujaribu bahati yake kwingine. Askari anayefukuzwa jeshini huondoka na doa. Mwajiri atauliza kwa nini aliondolewa. Wakwe watauliza. Watoto nao watasikia shuleni yale ambayo wazazi hawakuwaambia nyumbani. Kwa hiyo jambo hili, ingawa huanzia kambini, huishia sebuleni, na linastahili nafasi katika ukurasa huu.

Tutazame yaliyopata kutokea hapa kwetu. Januari 20, 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Walidai nyongeza juu ya mshahara wa shilingi 105 kwa mwezi, na maofisa wa Kiingereza waondoke. Siku iliyofuata wenzao wa Tabora nao wakaasi. Januari 25, kwa ombi la Serikali, makomando wa Kiingereza walitua kutoka manowari na kuuzima uasi huo. Jeshi likavunjwa. Viongozi wa uasi walifikishwa mahakamani. Sajini mmoja alifungwa miaka 15, wengine walipata vifungo vifupi zaidi, na baadhi waliachiwa huru. Lakini askari walio wengi hawakusimama mbele ya hakimu yeyote. Walifukuzwa, wakarudi makwao. Septemba 1, mwaka huo huo, likaundwa Jeshi la Wananchi.

Hakuna mwenye busara atakayeilaumu nchi iliyokuwa haijatimiza miaka mitatu ya uhuru kwa kujilinda. Hata hivyo swali linabaki. Je, aliyepanga uasi na aliyeamshwa usingizini na makelele ya wenzake wana kosa moja? Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo inafaa kwa tenga la samaki. Kwa binadamu, kila mmoja ana haki ya kuulizwa alilotenda yeye mwenyewe.

Wenzetu wamelipitia jambo hili. Mwaka 1906, baada ya ghasia za mji wa Brownsville, Texas, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliwafukuza askari weusi 167 bila heshima na bila kesi. Jeshi lilibatilisha uamuzi huo mwaka 1972, wakati karibu wote walikuwa wamekwisha kufa. Tangu mwaka 1944 sheria ya nchi hiyo imeweka mabaraza ya kupitia upya vyeti vya kuachishwa jeshi, na hata mjane au ndugu wa marehemu anaweza kuomba. Jirani zetu wa Kenya walilivunja Jeshi lao la Anga baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Miaka mingi baadaye, baadhi ya askari wake walikwenda mahakamani kudai haki zao, na wako waliolipwa fidia kwa mateso waliyoyapata.

Kwetu Tanzania, aliyefukuzwa afanye nini? Kwanza afahamu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiwahusu askari wa JWTZ, Polisi, Magereza wala JKT. Kwa hiyo mlango wa usuluhishi wanaoujua wafanyakazi wengine si wake. Njia yake huanza ndani ya jeshi lenyewe, kwa maandishi, kwa kufuata ngazi za amri. Zikimalizika ngazi hizo, anaweza kuiomba Mahakama Kuu iupitie uamuzi. Hapo asichelewe, kwani kibali cha kufungua maombi hayo huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi kutolewa. Vilevile iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyorithi kazi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966. Kwa mkazi wa Dodoma safari ya Dar es Salaam si lazima tena, maana wizara zimehamia Mtumba na Mahakama Kuu ina masjala yake mjini hapa.

Familia nayo ina wajibu. Itunze barua ya kufukuzwa, kumbukumbu za shauri na hati za matibabu. Askari aliyetenda kosa akiwa mgonjwa wa akili huenda hakuweza kujieleza mbele ya mkuu wake; karatasi ya hospitali kama Mirembe inaweza kumsemea. Tena familia ijihadhari na matapeli wanaouza vyeti safi mitaani. Cheti cha kughushi hakisafishi jina. Humpeleka mwenye nacho gerezani.

Mwisho, tuseme kweli. Si kila aliyefukuzwa ameonewa. Yuko aliyeuza mali ya umma, na yuko aliyekimbia lindo lake. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua yoyote, mume na mke waketi pamoja, na yaliyotokea yasemwe yote bila kufichana. Aliyetenda kosa na akubali, alee watoto wake kwa jasho halali. Aliyeonewa asikae kimya kwa aibu isiyo yake, kwani miezi sita si mingi.