Kudurusu kwa Pamoja: Somo la Uchumi na Mfuko wa Mbolea

Ifikapo mwezi wa Aprili, shule zetu zenye kidato cha tano na cha sita hubadilika sura. Mtihani wa taifa umekaribia, na jioni baada ya chakula vijana wanaosoma Uchumi hukusanyika vikundi vikundi, iwe ni Mpanda mjini au kwingineko nchini, kudurusu sera za uchumi jumla, yaani zile zinazohusu uchumi wa nchi nzima: mfumuko wa bei, riba, kodi, thamani ya shilingi, na urari wa malipo kati yetu na mataifa ya nje. Ukisogea na kusikiliza, mara nyingi utakuta jambo lile lile. Kijana mmoja ameshika daftari na anasoma kwa sauti, waliobaki wanaandika. Akimaliza maana ya mfumuko wa bei anageuza ukurasa, na wenzake wanageuza pamoja naye. Hakuna aliyeuliza swali. Wenyewe hukuita kudurusu kwa pamoja. Mimi naona huko ni kunakili kwa pamoja, na kazi hiyo kila mmoja angeweza kuifanya peke yake bila kumpotezea mwenzake mafuta ya taa.

Walimu wanafunzi watakaofundisha shule za msingi wanaweza kuuliza jambo hili lawahusu nini. Lawahusu sana. Kijana wa kidato cha sita hakujifunza kukaa kimya mbele ya daftari la mwenzake akiwa na umri wa miaka 18. Alijifunza akiwa darasa la tatu, mwalimu alipowaweka watoto katika vikundi kwa sababu vitabu vilikuwa vichache, kisha akampa kitabu yule aliyesoma vizuri kuliko wote. Kikundi hicho kilizaliwa na uhaba wa vitabu, si na haja ya kufikiri, na mtoto akakua akidhani kwamba kikundi ni mtu mmoja anayejua na wengine wanaosubiri.

Tuitazame mada yenyewe, maana njia ya kufundishia haiwezi kupimwa hewani. Mwaka 2022, baada ya vita kuanza Ukraine mwezi wa Februari, bei ya mbolea katika soko la dunia, ambayo ilikuwa imekwisha anza kupanda mwaka uliotangulia, ilizidi kupanda. Hapa kwetu mfuko wa kilo 50 wa urea ulipita shilingi 100,000 madukani. Mwezi wa Agosti mwaka huo Serikali ilitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/23, na mkulima aliyejiandikisha akaweza kununua mfuko wa urea au wa DAP kwa shilingi 70,000. Kijana wa Katavi, mkoa unaoishi kwa mahindi, mpunga na tumbaku, aliliona jambo hili nyumbani kwao kabla hajalisoma katika daftari lolote. Hata hivyo, akiulizwa maana ya sera ya mapato na matumizi ya serikali, atakariri sentensi tatu za kitabuni na mfuko ule wa mbolea hautautaja kamwe. Hajui kwamba anachokijua ndicho kinachoulizwa.

Sasa kikundi kianze na mfuko huo. Shilingi bilioni 150 zimetoka wapi? Kama ni kodi, mfuko wa nani umepungua? Kama ni mkopo, nani amekopesha? Ikiwa ni mabenki ya humu nchini, huenda mfanyabiashara wa Mpanda aliyetaka mkopo wa kuongeza bidhaa dukani akaambiwa asubiri, au akatozwa riba kubwa zaidi. Ikiwa ni mkopo wa nje, utalipwa kwa fedha za kigeni, nasi fedha hizo tunazipata kwa kuuza dhahabu, korosho, kahawa, tumbaku na kwa kupokea watalii. Mbolea yenyewe kwa sehemu kubwa inanunuliwa nje, kwa dola. Halafu mvua ikinyesha vizuri na mahindi yakawa mengi, bei ya unga itashuka, na kwa kuwa chakula kina uzito mkubwa katika kupima mfumuko wa bei, mfumuko nao utapungua. Mtumishi wa mjini atafurahi. Je, mkulima wa Mlele aliyenunua ile mbolea atafurahi pia?

Hapo ndipo kikundi kinapoamka. Mmoja atasema Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula anunue mahindi kwa bei nzuri. Mwingine atamrudisha kwenye swali la kwanza, la fedha kutoka Hazina. Wa tatu atasema mahindi yauzwe nje ya nchi. Wa nne atakumbusha kwamba mwaka 2011 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje kwa kuogopa njaa na kupanda kwa bei, na atauliza zuio kama hilo lilimkinga nani na lilimwumiza nani. Katika nusu saa vijana hawa wamegusa bajeti, deni la taifa, riba, mfumuko wa bei, urari wa malipo, na lile jambo gumu kuliko yote ambalo mtahini hulitafuta: kwamba malengo ya sera hugongana, na anayechagua moja hulipia kwa jingine.

Napendekeza pia kila mmoja apewe nafasi ya kusemea: huyu mkulima, huyu mwenye duka, huyu mwalimu mwenye mshahara usiobadilika, huyu Waziri wa Fedha, huyu Gavana wa Benki Kuu. Swali moja likiwekwa mbele yao, kwa mfano petroli imepanda bei duniani, kila mmoja ajibu kwa nafasi yake. Gavana atasema apandishe riba. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuongoza sera ya fedha kwa riba maalumu mwezi wa Januari 2024, ikaiweka katika asilimia 5.5, ikaipandisha hadi asilimia 6 mwezi wa Aprili mwaka huo huo, na Julai 2025 ikaishusha hadi asilimia 5.75. Tarakimu hizo huandikwa daftarini upesi. Lakini mkulima wa kikundi akiuliza, "Mimi sina mkopo benki, riba yako inanigusaje?", Gavana wetu mdogo atalazimika kufikiri. Itambidi aeleze kwamba mwenye duka hukopa, kwamba chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku hukopa fedha za pembejeo, na kwamba mikopo ikipungua ununuzi hupungua na bei hupoa. Itambidi pia akiri kwamba riba haiwezi kuleta mvua wala kupunguza bei ya mafuta huko yanakochimbwa. Swali la mkulima limemfundisha zaidi ya ukurasa mzima.

Tumbaku hiyo hiyo inafaa kufungulia mlango wa uchumi wa dunia. Bei yake hupangwa kwa dola ya Marekani kwa kilo. Shilingi ikishuka thamani, mkulima hupokea shilingi nyingi zaidi. Lakini pembejeo zake nazo zinatoka nje. Kikundi kikilielewa hilo, mkataba ambao nchi yetu iliafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 hautakuwa tena tarehe ya kukariri. Mwaka 1985 dola moja ilibadilishwa kwa wastani wa shilingi 17 hivi. Mwaka 1988 wastani ulikuwa karibu shilingi 99. Waulizane: nani alipata, nani alipoteza, na kwa nini jibu la mkulima wa zao la kuuza nje halikuwa sawa na la mtumishi aliyenunua sabuni na dawa? Hata reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda ni somo. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mgodi ulikuwa umekwisha fungwa, reli ikabaki. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa kueleza hatari ya uchumi unaotegemea zao moja, nao umelazwa mlangoni pa shule.

Lipo suala la lugha, na humu watu wengi hawatakubaliana nami. Mtihani huu huandikwa kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo baadhi ya walimu huamuru kwamba vikundi navyo vizungumze Kiingereza tu, na zipo shule zinazoadhibu anayeteleza. Matokeo yake ni ukimya. Kijana mwenye swali zuri hulimeza kwa kuogopa kuchekwa, na mwenye maneno ya kukariri huonekana ndiye mwenye akili. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala huo siumalizi hapa. Nasema tu kwamba kikundi kibishane kwa lugha ambayo wote wanaimudu mpaka hoja ieleweke, kisha kila mmoja anyamaze na aandike jibu lake peke yake kwa Kiingereza, kisha wabadilishane karatasi na kusahihishana. Hatua ile ya kuandika peke yake isiachwe kamwe, kwa maana chumba cha mtihani hakina kikundi.

Wapinzani wa vikundi wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba mzembe humpanda mgongoni mwenye bidii. Ni kweli, pale msemaji anapokuwa mmoja siku zote. Lakini anayeeleza ndiye anayenufaika kuliko anayeelezwa, kwa hiyo zamu ya kueleza ipite kwa wote, nao wasizidi watano au sita. Wasichana hasa waangaliwe: katika vikundi vingi wao hufanywa makarani, wakaandika mawazo ya wavulana kwa mwandiko mzuri. Hoja ya pili ni kwamba kosa la mmoja huwa kosa la wote. Hiyo naiogopa zaidi. Nimekwisha sikia kikundi kizima kikikubaliana kwamba kila mfumuko wa bei hutokana na serikali kuchapa noti, kana kwamba ukame na vita havipo. Dawa yake ni mwalimu kupita, kusikiliza na kuuliza swali moja, kisha kuondoka. Akikaa na kuanza kueleza, kikundi kimekwisha.

Turudi shule ya msingi, ambako kazi yenu itakuwa. Hamtafundisha riba ya Benki Kuu. Lakini mtafundisha hisabati, na mtoto wa darasa la tano anajua dagaa wa Karema wanauzwaje sokoni Mpanda. Wapeni watoto watano bei ya kisado cha dagaa wakati wa mbalamwezi na wakati wa giza. Waulize ni kwa nini haziko sawa, na nani afurahie ipi. Wakae duara. Mtoto mmoja aeleze, mwingine apinge, na aliyekuwa kimya ndiye atakayetoa jibu la kikundi mbele ya darasa, ili wenzake wahakikishe kwamba ameelewa. Darasa likiwa na watoto sabini, vikundi vitakuwa kumi na vinne na kelele zitakuwepo. Mjulisheni mwalimu mkuu mapema. Juma linalofuata msemaji awe mwingine. Na kitabu, kama ni kimoja tu, kikae katikati ya meza kikiwa kimefungwa mpaka wamalize kubishana.