Kuta za mawe nazo zina ladha

Mwandishi, makala yako imeueleza udongo vizuri, ila kwenye milima ya Alps ladha ya mvinyo mweupe haitokani na udongo peke yake. Chukua Visperterminen, katika jimbo la Valais, Uswisi. Mizabibu ya Heida, ambayo Wafaransa huiita Savagnin, imepandwa kwenye matuta yanayofika kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Mchana, mteremko huo hulitazama jua la kusini, na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji hufyonza joto. Usiku baridi huingia, na zabibu huiva bila kupoteza asidi yake. Ndiyo maana mvinyo ule una nguvu na bado unaburudisha kinywa.

Tusisahau pia kwamba Valais ni bonde kavu. Tangu Enzi za Kati, wakulima wamekuwa wakishusha maji ya milimani kwa mifereji. Palipo na mwinuko mkali trekta haipiti. Kazi ni ya mikono, na kuta zikibomoka lazima zijengwe upya. Kwangu mimi, jasho hilo nalo ni sehemu ya ardhi ile.