Mchaichai Poa, Lakini Mkono Unatetemeka Kwa Nini?

Kaa mkao wa kula, maana leo kona yetu inachemsha majani. Si yale yenye kesi polisi, hapana! Nazungumzia mchaichai, ule unaoota nyuma ya nyumba karibu na bomba, ambao siku hizi umepandishwa cheo na kuitwa dawa ya kutuliza akili.

Nilikuwa Katoro, Geita, nasubiri gari la Shinyanga. Mama mmoja kapanga chupa za plastiki zenye maji ya rangi ya kahawia. "Mwangaluka mayu," nikamwamkia. Akaitikia, kisha akanikazia macho: "Baba, wewe hulali, macho yanasema. Nusu kikombe usiku, mawazo yote kwisha."

Kweli nilikuwa sijalala. Gesti niliyofikia ilikuwa ukuta kwa ukuta na baa. Nikamuuliza mle ndani kuna nini. Mchaichai, akasema, na mizizi kidogo. Mizizi gani? Akacheka tu.

Tuanze na mchaichai wenyewe. Majani yake yana mafuta yenye harufu ya limau, na mafuta hayo ni mepesi, yanaruka na mvuke. Kwa hiyo osha majani, katakata, tia kwenye maji yanayochemka, funika sufuria, epua baada ya dakika chache. Ukiacha wazi unanukiza jiko, wewe unakunywa maji ya majani. Chai hiyo haina kafeini, ndiyo maana ukiinywa jioni badala ya kahawa au majani ya kawaida, huenda ukaona tofauti. Tumbo lililojaa gesi nalo wengi husema linapata nafuu.

Lakini kulaza mtu? Hapo ndipo utamu unapoisha. Mwaka 1986 watafiti wa Brazil, nchi ambayo chai hii inanywewa sana kwa ajili ya usingizi na wasiwasi, walichapisha matokeo ya kuwapa watu wenye afya zao. Hawakuona madhara, na hawakuona usingizi wala utulivu wowote wa ziada. Kwa maneno mengine, ni chai nzuri. Basi.

Mizizi ndiyo inayonitia wasiwasi. Kanda hii kuna mti Wasukuma wanauita nengonengo, mzizi wake ukiukwangua unanuka kama dawa ya kuchua misuli. Una matumizi mengi kwa wanaoujua, lakini una sumu, na kipimo cha kukisia kinaweza kukupeleka pabaya. Chupa isiyotajwa kilichomo usiinywe, hata muuzaji awe na tabasamu la namna gani. Na kama daktari alikupa vidonge vya usingizi, usichanganye.

Sasa sikia kasheshe. Nikiwa pale akaja kijana, mtanashati, kofia imegeuzwa nyuma, anachukua chupa ya tatu mwezi huo. Alipohesabu noti mikono ikawa inamcheza, hadi noti moja ikadondoka. Akaniambia hajalala vizuri tangu miezi mitatu, anafoka ovyo, mpaka mchumba kahama geto, na mdomoni anasikia ladha kama amemumunya sarafu.

"Kazi yako nini mshikaji?"

"Nachoma."

Anachoma dhahabu. Kwa asiyejua machimbo: mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa, unatia zebaki ikamate dhahabu, unapata kidonge cheupe. Kidonge hicho unakipiga moto, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Inapaa kwenda wapi? Kwenye mapafu yako, na ya mtoto anayecheza pembeni. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Ukishaingia mwilini unashambulia mishipa ya fahamu: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, hasira za ghafla, kusahau, ladha ya chuma mdomoni. Soma tena orodha hiyo, kisha mfikirie yule kijana.

Hili si geni. Mwaka 2003 watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa walikwenda Rwamagasa, hukohuko Geita, wakapima damu, mkojo na nywele za watu wa machimbo. Waliwapa hata kiberiti wapange njiti, waone vidole vinatii au vinagoma. Hali mbaya zaidi ilikuwa kwa wachomaji. Huko Marekani, mji wa Danbury, mafundi wa kofia walitetemeka miaka na miaka kwa sababu ya zebaki ya kulainishia manyoya, mpaka mwaka 1941 jimbo la Connecticut likapiga marufuku.

Kwa hiyo mchomaji anapokunywa chupa ya kutuliza, akituliwa siku mbili tatu, anarudi kwenye moto. Hiyo ndiyo noma yenyewe. Zebaki hupungua mwilini taratibu, kwa miezi, na inapungua kama umeacha kuivuta. Nenda hospitali na umwambie daktari wazi, "Nashika zebaki," maana usiposema ataona malaria au mawazo. Uliza kipimo cha mkojo. Kama bado unachoma, tumia ritoti, kile chombo cha chuma kinachofungwa na kuurudisha mvuke uwe zebaki tena, ambayo unaitumia upya, hivyo hata mfukoni unaokoa. Fanya kazi hiyo nje, mbali na nyumba, na kikaango cha kuchomea kisirudi jikoni kukaanga mayai. Nimeona kwa macho yangu!

Yule kijana nilimwambia haya yote. Akanisikiliza, akaniuliza kama ritoti inauzwa pale Katoro, kisha akaondoka na chupa yake mkononi. Gari langu likapiga honi.

Wiki ijayo: chunusi na dawa za meno. Usikose nakala yako.