Mfuko Wenye K Moja Tu

Jumamosi moja nilikwenda mtaani Huruma kumjulia hali jamaa yangu mgonjwa. Anakaa ghorofa ya nne, na ngazi za majumba yale si za mtu wa umri wangu, basi nikapumzika ghorofa ya pili. Hapo vijana wanne walikuwa wameinamia katoni iliyopigwa mistari. Kwa vile vifuniko vya soda nilidhani ni drafti. Kumbe kila kifuniko kilibandikwa karatasi yenye herufi, na wale walikuwa wakicheza Scrabble ya kujitengenezea.

Walikuwa wakijipima kwa jina la mtaa wao: katika herufi za HURUMA, mtu atoe maneno mangapi ya Kiingereza? Yakatoka "arm", "ram", "hum", "rum", kisha "harm". Nikauliza hilo la mwisho lina maana gani. "Ni madhara, mzee." Wakacheka, nami nikacheka nao, ingawa si sana. Nikawaomba wajaribu Kiswahili. Yakaja hamu, huru, amuru, mua, uma. Mdogo wao alitaka uhuru. Akahesabu, u moja ikapungua.

"Lakini mzee, Kiswahili hakiingii kwa hii," akasema mkubwa wao. Neno hilo nilipanda nalo ngazi zilizobaki, na mpaka leo sijaliweka chini.

Yule kijana hakukosea. Mchezo huu ulitungwa na Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi miaka ya 1930 uchumi ulipoanguka. Ili kujua kila herufi iwe na vipande vingapi na thamani gani, alihesabu herufi katika kurasa za gazeti la New York Times. Kazi safi ya mtu makini, lakini gazeti lilikuwa la kwao. Katika vipande 100 akatia E 12, A 9, U 4 na K moja tu, yenye alama 5 kwa uadimu wake.

K adimu! Hebu msomaji utazame sentensi hii ya kawaida: "Kaka yake alikwenda sokoni akakaa kutwa." Ina herufi 34, na humo mna k 8 na a 10. Mfuko mzima wa Butts hauwezi kuiandika, hata ukiongeza vile vipande viwili vitupu vinavyosimama badala ya herufi yoyote. Kuku ataandikwa kwa kuazima kipande kimoja kitupu. Kakakuona atamaliza K iliyopo na vitupu vyote viwili. Huku Q na X zimelala mfukoni kama wageni wasiojua walikoalikwa. Kwa hiyo mtoto wa Huruma anapoambiwa k ni mali adimu, anaambiwa habari za lugha ya wenyewe, naye anadhani ni habari za herufi.

Sisemi waache Kiingereza. Mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza huko Perth, Australia, na Afrika ikajivunia kwa haki. Mwaka huo huo Nigel Richards, mzaliwa wa New Zealand, alishinda ubingwa wa Kifaransa bila kukizungumza. Mwaka 2024 akashinda na wa Kihispania kule Granada. Huyo huhifadhi maneno pasipo maana. Wengi wamemshangaa. Mimi niliyehifadhi juzuu nzima chuoni kabla ya kufahamu sentensi moja ya Kiarabu, nitamlaumu kwa lipi?

Bali chuoni ndiko nilikosikia jina la al-Khalil bin Ahmad, bwana wa karne ya 8, mzaliwa wa Oman aliyeishi Basra. Sisi washairi twamjua kwa elimu ya mizani, lakini ndiye pia aliyepanga kamusi ya Kiarabu, Kitab al-Ayn, kwa kuzipindua herufi. Konsonanti tatu hutoa mipangilio 6, nne 24, tano 120. Katika kila fungu akaeleza ipi hutumika na ipi imeachwa. Chukua h ile nzito, r na m: utapata haramu, utapata rehema, utapata rumhi yaani mkuki, na hamra yaani wekundu, ambao ndio uliolipa jina kasri la Alhambra huko huko Granada. Huruma na rehema zina konsonanti zile zile, zimepishana nafasi tu. Wale vijana walikuwa wakifanya kazi ya al-Khalil bila kujua. Na wanapoigeuza stori kuwa risto katika Sheng, wanafanya walichofanya wazee wa Pwani na Unguja kwa kile kinyume chao, silabi ya mwisho kutangulia.

Kwa hiyo ufundi upo. Kinachokosekana ni hesabu: mtu akae na kurasa za gazeti la Kiswahili, ahesabu kama alivyohesabu Butts. Ugumu utakuwa kwenye vitenzi. Kamusi huandika kaa, haiandiki akakaa, hawakukaa wala tungalikaa, na haya yote ni maneno halali. Orodha haitayamaliza. Rai yangu ni kwamba kila neno lililofuata sarufi likubaliwe, na likizua ubishi waamue walioizunguka meza. Najua wapo wenye kupenda orodha watakaonipinga.

Juma lililofuata nilirudi na mfuko wa vifuniko kutoka kwa mwenye duka. Vijana wakaanza kuandika k za ziada. Nilipowaacha walikuwa wamefika ya saba, na yule mdogo alikuwa amezikusanya u tatu mkononi, hataki kumpa mtu.